SAINI YA MAREHEMU NA KIMYA CHA WALIO HAI

Wahenga walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi tena. Katika nchi yetu mali imepotea huku daftari lipo, limeandikwa kwa wino mzuri, limepigwa muhuri na kutiwa saini. Basi swali linalotukabili leo si kama hesabu zimeandikwa. Swali ni nani aliyethibitisha kwamba hesabu hizo ni za kweli, na atafanywa nini ikigunduliwa kuwa amethibitisha uongo.

Mapema mwaka 2025 Wakenya walielezwa matokeo ya uchunguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo ulioundwa mwaka 1973 ili uwe mtetezi wa vyama hivyo. Uchunguzi huo, uliofanywa na kampuni ya PwC, ulitaja hasara ya takriban shilingi bilioni 13.3 na hesabu zilizopikwa ili shimo lisionekane. Jambo lililowaacha wengi vinywa wazi ni kwamba baadhi ya hesabu zilikuwa zimetiwa saini kwa jina la mkaguzi aliyekwisha kufariki. Marehemu alitolewa kaburini akashuhudia kwamba mambo ni shwari.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kisa hiki ni cha Nairobi na kwamba sisi wa Tiwi tumesalimika kwa kuwa tuko mbali. Fedha zilizowekwa katika muungano huo hazikuwa za mabwanyenye. Ziliwekwa na vyama vya akiba na mikopo, na vyama hivyo ni mali ya walimu, wauguzi, makarani, madereva na wafanyakazi wa hoteli. Mwalimu wa Tiwi anayekatwa mshahara wake kila mwezi, mpishi wa Diani anayeweka akiba ili amlipie mwanawe karo, na mwenye matatu anayekopa ili anunue gari la pili, wote hao hawana nafasi ya kufungua vitabu vya chama wakavikagua mstari kwa mstari. Wanachoweza kufanya ni kuitazama saini iliyo chini ya ukurasa na kuiamini. Wakilala usingizi, wanalala kwa sababu ya saini hiyo.

Sheria inaitambua amana hiyo. Ndiyo sababu uhasibu haukuachwa uwe biashara kama biashara nyingine. Bunge lilitunga Sheria ya Wahasibu mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikaanza kazi Taasisi ya Wahasibu wa Umma Walioidhinishwa wa Kenya, inayojulikana kwa ufupi kama ICPAK. Sheria hiyo ilirithiwa na nyingine ya mwaka 2008. Mhasibu aliyesajiliwa amepewa heshima ambayo seremala na muuza samaki hawakupewa: neno lake kuhusu fedha za watu linapokelewa na benki, na mahakama, na mtoza kodi. Kwa kubadilishana na heshima hiyo, alikubali kuwekwa chini ya nidhamu.

Nidhamu yenyewe imeelezwa waziwazi. Ni utovu wa maadili ya kazi kwa mkaguzi kutoa maoni juu ya hesabu za biashara ambayo yeye mwenyewe ana maslahi makubwa ndani yake. Ni utovu kuficha jambo zito alilolijua, ambalo lingebadili sura ya hesabu. Ni utovu kuzembea kupita kiasi, au kutia saini bila kutafuta ushahidi wa kutosha. Ni utovu kumruhusu mtu asiye mhasibu afanye kazi chini ya jina lake. Anayepatikana na hatia mbele ya Kamati ya Nidhamu anaweza kupewa barua ya onyo, kutozwa faini, kusimamishwa kwa muda, kunyang'anywa cheti cha kufanyia kazi, na hatimaye jina lake kufutwa katika daftari la wahasibu.

Kwa hiyo hatulii kwamba hakuna sheria. Sheria ipo. Kilio chetu ni kwamba mwananchi ambaye fedha zake zimepotea haioni sheria hiyo ikifanya kazi. Kashfa inapozuka, magazeti hujaa majina ya wenyeviti na mameneja. Wengine hukamatwa, wengine huenda mafichoni. Lakini ni wananchi wangapi wanaoweza kulitaja jina la mkaguzi mmoja aliyeitwa mbele ya wenzake, akasomewa kosa lake, akahukumiwa, na hukumu hiyo ikawafikia waliotapeliwa? Nidhamu isiyoonekana na waliodhulumiwa inakuwa mazungumzo ya ndani baina ya watu wa taaluma moja.

Sisi tulio mawakili hatuandiki haya kwa majivuno. Taaluma yetu nayo ina malalamiko mengi dhidi yake, na hasa kuhusu fedha za wateja. Lakini tunajua jambo moja kutokana na kazi yetu: hukumu za jopo la nidhamu la mawakili husomwa, huchapishwa miongoni mwa hukumu nyingine za nchi, na wakili aliyefutwa hutajwa kwa jina lake. Utaratibu huo haujawageuza mawakili kuwa malaika, wala hautawageuza. Ila mjane aliyetafunwa fidia yake na wakili anaweza kupewa karatasi inayosema kwamba alikuwa na haki, na jirani yake anaweza kuonywa kabla hajatumbukia katika shimo lilo hilo.

Mageuzi ya vyama vingi yalisimama juu ya hoja iyo hiyo. Kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba mwezi Desemba mwaka 1991, hatukupata tu ruhusa ya kuunda vyama. Tulikubaliana kwamba hakuna kundi la watu linalofaa kujisimamia lenyewe, kujihoji lenyewe, na kujisamehe lenyewe. Maaskofu na wachungaji waliokemea utawala wa chama kimoja kutoka mimbarini walikuwa wakisema jambo hilo kwa lugha ya imani. Kama kanuni hiyo ilikuwa njema kwa Ikulu na Bunge, haiwezi kuwa mbaya kwa wanaotia saini hesabu za Ikulu na Bunge, za benki na za vyama vyetu.

Wala tusisahau kwamba wizi mkubwa wa enzi zile ulipita katika makaratasi. Kashfa ya Goldenberg, iliyofanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuchimbuliwa na tume ya Jaji Bosire kati ya mwaka 2003 na 2005, haikufanywa kwa bunduki. Ilifanywa kwa fomu za kudai fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi katika nchi za nje, dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo. Kila shilingi iliyotoka Benki Kuu ilitoka ikiwa na karatasi yake na muhuri wake.

Aliyesema hapana alikuwa karani. David Munyakei, kijana aliyekuwa ameajiriwa katika Benki Kuu na kuzishika karatasi hizo kwa mikono yake, aliona kwamba haziingii akilini, akazitoa kwa watu ambao wangeweza kusema Bungeni. Alikamatwa mwaka 1993, mashtaka yakaondolewa, kazi akaipoteza. Alikuja huku kwetu Pwani, akaishi Mombasa, akasilimu na kuoa. Alifariki mwaka 2006, hali yake ikiwa duni, ingawa miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametunukiwa tuzo ya uadilifu. Tunalitaja jina lake kwa heshima, na tunauliza: ikiwa karani aliiona kasoro, wenye vyeti vilivyotundikwa ukutani walikuwa wakitazama nini? Na kwa nini nchi ilikuwa na njia ya kumwadhibu aliyesema kabla haijawa na njia ya kuwaadhibu walionyamaza?

Tunajua majibu ambayo wahasibu hutoa, na ni haki tuyapime. Wanasema kwanza kwamba mkaguzi si mpelelezi. Katika kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1896, Jaji Lopes alieleza kwamba mkaguzi ni mbwa wa kulinda nyumba, wala si mbwa wa kunusa nyayo za mwizi. Wanafunzi wa sheria na wa uhasibu wamefundishwa maneno hayo kwa zaidi ya karne moja. Sisi tunayakubali. Lakini hata mbwa wa kulinda nyumba hufugwa ili abweke. Akiwaona watu wakitoa magunia usiku, naye akaendelea kulala, hatumsifu kwa kuwa si kazi yake kunusa nyayo.

Tuchukue mifano miwili ya karibu. Benki ya Imperial ilikuwa ikitoa hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Meneja mkurugenzi wake alifariki Septemba 2015. Mwezi uliofuata, wakurugenzi wenyewe wakaenda kumweleza Gavana wa Benki Kuu kwamba kuna mambo yasiyoeleweka, na tarehe 13 Oktoba milango ikafungwa. Hasara iliyotajwa baadaye ilipita shilingi bilioni 30, na ulaghai huo ulidaiwa kuendelea kwa miaka mingi. Miezi sita baadaye ikafuata Benki ya Chase. Hesabu zake za mwaka 2015 zilitolewa mara mbili. Katika toleo la pili, mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi, iliyokuwa imeonyeshwa kuwa midogo zaidi, ilisomeka kuwa takriban shilingi bilioni 13.6, na wakaguzi wakatoa maoni yenye dosari. Wenye akiba walikimbilia fedha zao, na tarehe 7 Aprili 2016 benki ikawekwa chini ya mrasimu. Katika kisa cha kwanza watu hawakusikia mlio wowote hadi mwisho. Katika cha pili waliusikia, lakini ulikuja wakati moshi umekwisha kujaa nyumba. Katika visa vyote viwili mwenye akiba alistahili kuambiwa, na chombo kilicho huru, ni nani alitimiza wajibu wake na ni nani aliyeukwepa.

Wanasema pili kwamba mhasibu amefungwa na siri ya mteja. Hilo nalo lina uzito, kwa kuwa sisi mawakili tumefungwa na kifungo cha namna hiyo. Lakini kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu, ambazo huitaja siri kuwa moja ya misingi mitano ya kazi yao, huutaja uadilifu kwanza. Isitoshe, tangu Julai 2017 kanuni hizo zimeeleza hatua ambazo mhasibu anapaswa kuchukua anapokuta sheria inavunjwa, na zimemfungulia mlango wa kuiarifu mamlaka husika pale maslahi ya umma yanapodai hivyo. Siri iliwekwa ili imlinde mteja mwema dhidi ya washindani wake. Haikuwekwa iwe blanketi la kumfunikia mwizi asipatwe na baridi.

Wanasema tatu kwamba kutangaza majina kutawaharibia watu sifa. Tunajibu kwamba hatutaki mtu atangazwe kwa kushukiwa tu. Asikizwe kwanza, awe na wakili akipenda, alete mashahidi wake, akate rufani. Lakini akishahukumiwa, kuna haki gani kulificha jina lake na kuliacha kosa lake liende kuwapata wengine katika kaunti nyingine? Sifa anayoombewa kulindiwa ndiyo iliyomwezesha kuwadanganya watu.

Huko ng'ambo jambo hili halionwi kuwa la ajabu. Kampuni ya ujenzi ya Carillion ya Uingereza ilianguka Januari 2018. Mwezi Oktoba 2023 baraza linalosimamia wakaguzi wa nchi hiyo liliitoza kampuni ya KPMG faini ya pauni milioni 21 kwa sababu ya ukaguzi wake, likachapisha kosa, adhabu na sababu zake ili kila mtu asome. Ujerumani, baada ya kampuni ya Wirecard kuporomoka mwaka 2020 na euro bilioni 1.9 zilizoandikwa vitabuni kukosekana, msimamizi wa wakaguzi aliitoza kampuni ya EY faini mwaka 2023 na kuizuia kwa miaka miwili isichukue kazi mpya za ukaguzi wa kampuni zenye maslahi kwa umma. Hatuzitaji nchi hizo kama peponi; wizi ulifanyika kwao pia, na adhabu zilichelewa. Tunazitaja kwa sababu anayehukumu huko si Taasisi ya wahasibu peke yake, na hukumu haikai kabatini.

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, kwa maana ni rahisi kuinyoshea kidole Nairobi. Katika makanisa yetu na misikiti yetu, katika vyama vya wavuvi, katika vikundi vya akina mama kutoka Waa hadi Msambweni, ni mara ngapi mweka hazina anaulizwa hesabu, na watu wakaguna kwamba muulizaji ana chuki? Ni mara ngapi mtu ametafuna fedha za harambee, tukasema tumsamehe, yaishe? Kusamehe ni amri ya imani, nasi hatuipingi. Lakini Wakristo wanaufahamu mfano wa wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu ya mali aliyokabidhiwa, na ndugu zetu Waislamu wanajua jinsi dini yao inavyowakemea wanaopunja vipimo. Hakuna dini kati ya hizo iliyosema kwamba msamaha huja kabla ya hesabu. Tukizoea kumwonea haya mweka hazina wa jirani, tutakuwa hatuna sauti mbele ya mkaguzi wa mabilioni.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa Kwale. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iligawa mrabaha wa madini katika mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoishi mahali yanapochimbwa. Uchimbaji wa Base Titanium ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Mchanga umekwisha kusafirishwa, na kilichobaki kwa jamii ni fungu hilo na vitabu vyake. Ikiwa vitabu hivyo havitakaguliwa na watu wanaoogopa kupoteza vyeti vyao, watoto wetu watarithi mashimo.

Basi tunadai nini? Kwanza, tunaitaka Taasisi itangaze kila hukumu ya nidhamu, baada ya kusikizwa na kukatiwa rufani: jina, kosa, adhabu na sababu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Taasisi hiyo imeundwa kwa sheria ya Bunge, na Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Hii si fadhila tunayoiomba.

Pili, tunataka wanaowahukumu wahasibu wajumuishe kwa wingi watu wasio wahasibu, na wawemo wawakilishi wa wenye akiba.

Tatu, tunataka saini iwe na gharama. Kifungu cha 226 cha Katiba kimesema kwamba mtumishi wa umma anayeidhinisha fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria atawajibika yeye mwenyewe kwa hasara hiyo, awe bado yuko kazini au ameondoka. Mkaguzi aliyethibitisha uongo kwa kujua, akalipwa ujira wake, asiruhusiwe kutoka na ujira huo huku mwenye akiba akitoka mikono mitupu.

Nne ni dai letu kwa wewe msomaji. Uende kwenye mkutano mkuu wa chama chako. Usiende kwa ajili ya soda na nauli. Uulize mkaguzi ni nani, ametumikia chama miaka mingapi, na kama ana leseni ya mwaka huu. Kisha uliulizie jina lake kwa Taasisi. Ukiweza, mtake asimame aonekane, maana tumekwisha kujifunza kwamba si kila aliyetia saini yu hai. Sheria ya Vyama vya Ushirika iliyotungwa mwaka 1997 iliuweka uteuzi wa mkaguzi mikononi mwa mkutano wa wanachama, na ikawafungulia theluthi moja ya waliohudhuria na kupiga kura njia ya kumtaka Kamishna afanye uchunguzi. Wanakamati wengi hawatakusomea sehemu hiyo. Ukiona mhasibu aliyesajiliwa amekiuka maadili, andika malalamiko, utie tarehe, ubaki na nakala.

Hatuwachukii wahasibu. Wengi wao ni watu waaminifu, na tunajua kuna waliopoteza wateja kwa kukataa kutia saini walipopaswa kukataa. Hao ndio wanaodhulumiwa zaidi na kimya hiki, kwa sababu saini ya mwaminifu na saini ya mwongo zinafanana zikiwa kwenye karatasi. Kinachoweza kuzitenganisha ni hukumu inayosomwa hadharani. Tunawaomba wahasibu wa namna hiyo, walio makanisani mwetu na mitaani mwetu, wasimame pamoja nasi na kulidai jambo hili ndani ya Taasisi yao, ili mwalimu wa Tiwi aiamini tena saini iliyo chini ya ukurasa akiwa na sababu ya kuiamini.